Kilima Kilichokosa Upande wa Kushoto

Mfuko wa mwisho ulitua juu ya mizani kwa kishindo, ukatoa wingu la vumbi, na Konstebo Matthew akasoma namba huku akikohoa. Haukupungua. Hakuna hata mfuko mmoja uliopungua katika ghala lile la saruji pale Frere Town, na Inspekta Jalila, aliyekuwa na hakika kwamba atakuta nusu ya mifuko imepunjwa, alibaki amesimama mikono kiunoni kama mtu aliyefika arusini siku isiyo yake.

"Umeridhika sasa, mwanangu?" aliuliza Mansur, mwenye ghala. Kanzu yake ilikuwa nyeupe pe, haina hata chembe ya vumbi. "Nilikwambia tangu asubuhi. Kila mfuko ni kilo hamsini kamili. Mimi si mtu wa kupunja."

Jalila alisogea mlangoni. Alitazama nje, akaona kivuli cha ukuta kimeanza kurefuka uani, alasiri ikikaribia.

Wiki iliyopita, slabu ya zege ya nyumba moja Bamburi iliporomoka mara tu boriti zilizoishikilia zilipotolewa. Ikamfunika fundi kijana, Katana, ikamuua. Fundi mkuu wa nyumba ile alikuwa kaka yake wa tumbo moja, Garama. Polisi walimkamata siku ile ile, na alipomzika mdogo wake alikuwa na pingu mikononi, askari wawili wakimhimiza amalize upesi. Shutuma zenyewe zilikuwa nyepesi kusema: ameuza saruji kichochoroni, akaziba pengo kwa mchanga.

Asubuhi hii Jalila alipomwendea seli, Garama hakuomba dhamana wala wakili. Alishika vyuma vya mlango, akasema, "Afande, nataka kujua kitu kimoja tu. Ni mkono wangu uliomuua Katana, au ni simiti? Nilichanganya vile nichanganyavyo siku zote. Lakini mtu huchoka. Huenda nilikosea. Niambie tu."

Swali hilo halikuwa la Garama peke yake. Lori lililopeleka saruji ya Mansur Bamburi lilipeleka mzigo mwingine Kiembeni, kwenye nyumba ya ghorofa iliyojengwa na fundi mwingine, na boriti za huko zilikuwa zitolewe leo, baada ya swala ya alasiri. Kama kosa lilikuwa la mkono wa Garama, watu wa Kiembeni walikuwa salama. Kama kosa lilikuwa la saruji, basi slabu ile ilikuwa ikingoja tu kuachiwa. Na chini ya slabu hiyo Nyevu, mke wa Garama, alikuwa ameinjika chungu akiwapikia vibarua, maana mume yuko ndani na watoto lazima wale.

Jalila alikuwa amempigia simu Masha, msimamizi wa kule Kiembeni, amwombe asubiri. Masha akamjibu kwamba injinia ameshatia sahihi, kwa hiyo alete amri. Alipompigia mkubwa wake kuomba amri, mkubwa akamwambia alete sababu. Na maabara nayo hutaka wiki kadhaa, kwa kuwa saruji lazima ikandwe, ikauke, ndipo ivunjwe ipimwe nguvu. Katika kuzungushwa huko ndipo Jalila alipokumbuka mizani. Mifuko ikiwa miepesi, basi Garama angehesabu mifuko sawasawa na bado zege lake liwe dhaifu, bila kosa lake.

Na sasa mifuko haikuwa miepesi.

"Umesema hamsini kamili," alisema Jalila.

"Kamili."

"Hakuna mfuko wa hamsini kamili, mzee. Ukileta mizani kali zaidi itakuonyesha punje imezidi au punje imekosekana. Uzito hauhesabiwi kama mayai, moja, mbili, tatu. Unateleza tu, hauna mahali unaposimama. Waweza kuuliza jambo moja: ni mifuko mingapi iliyo kati ya hapa na hapa?"

"Sasa wanifunza uzito dukani mwangu?" Mansur alicheka, akageuka kumtazama mzee mmoja aliyekuwa akimpimia mteja mchele kwenye duka la nafaka lililoungana na ghala kwa mbele. Mzee hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye mizani.

Jalila aliinama kutazama sakafu. Kwa kuwa mikono ya Matthew ilikuwa imejaa vumbi, hawakuandika kitu. Jalila alikuwa amechora mistari ya chaki sakafuni, nafasi baada ya nafasi, uzito mdogo kushoto, uzito mkubwa kulia, na kila mfuko ulipopimwa Matthew aliweka kokoto moja katika nafasi yake. Kokoto zilikuwa zimepangana kwenda juu, zikafanya umbo. Upande wa kulia ziliteremka vizuri, pole pole, mpaka zikaisha. Upande wa kushoto hapakuwa na mteremko wowote. Palikuwa na ukuta ulionyooka karibu na alama ya hamsini, na baada ya ukuta ule sakafu tupu.

"Afande, si hii imeisha?" Matthew alisema. Alikuwa kijana wa bara, mwenye haraka na kila kitu isipokuwa chakula. "Hakuna mtu ameibiwa. Hata wameongezewa. Twende tuandike ripoti tukakule."

"Beba mizani."

"Tunaenda wapi?"

"Ng'ambo ya barabara."

Mizani yenyewe walikuwa wameiazima kwa muuza vyuma chakavu, na Matthew aliibeba begani akinung'unika kwamba mizani ya watu wale haimwogopi Mungu, hata uzito wa mama yake hawezi kuuamini hapo. Jalila alimwacha anung'unike. Ng'ambo palikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na mbele yake lori lililotoka kiwandani moja kwa moja lilikuwa likiteremsha saruji. Mwenye duka, mwanamke mnene aliyekuwa akila viazi karai, aliwaruhusu wapime bila kuuliza mengi. Jalila akachora chaki upya barazani, nafasi zile zile, naye Matthew akaanza tena kuinua, kusoma na kuweka kokoto, jasho likimchuruzika mpaka kwenye viatu.

Kokoto zikapanda. Katikati zikawa nyingi, juu kidogo ya hamsini, zikapungua kidogo kidogo kulia, na zikapungua vivyo hivyo kushoto, hata chache zikavuka chini ya alama ya hamsini.

Matthew aliruka. "Afande! Huyu ndiye mwizi! Hii, hii na hii iko chini!"

Mwenye duka aliacha kiazi hewani. "Mimi? Wallahi mifuko hiyo hata sijaigusa! Si mwaiona yateremshwa mbele ya macho yenu?"

"Tulia, dada," alisema Jalila, na kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu. "Huna kosa. Wewe ndiye uliye sawa."

Matthew alimtazama kama anayetazama mtu aliyepigwa na jua.

Kabla ya kuvaa beji Jalila alikuwa mwalimu wa hisabati Likoni, kwao, na kuna namna ya kuinua kidole ambayo hakuwahi kuiacha. "Tazama. Mashine ya kujaza mifuko haina roho mbaya wala nzuri. Inalenga uzito mmoja, lakini mara vumbi limeshikamana, mara hewa imeingia, mara mkanda umetikisika. Vitu vidogo vidogo, kila kimoja kikivuta kwake. Mara nyingi vinafutana, ndiyo maana mifuko mingi iko katikati. Mara chache vyote vinavuta upande mmoja, ndizo hizi kokoto za pembeni. Na haziwezi kupendelea upande. Niliwahi kuwapima wanafunzi wangu urefu nikawapanga namna hii. Umbo likawa hili hili, kama kengele."

"Kama ile ya Kengeleni," alisema Matthew, akionyesha kwa kidevu ilikokuwa kengele ya zamani ya Frere Town.

"Kama ile. Sasa ya Mansur?"

Matthew alifikiri. "Imekatwa."

"Imekatwa. Na mashine haikati. Anayekata ni mtu, anayejaza huku ameikodolea mizani macho, na anayeogopa kupunguza."

"Lakini pengine mizani yetu ndiyo mbovu."

"Na iwe mbovu. Inaidanganya mifuko yote sawasawa. Mizani mbovu inaweza kukihamisha kilima, haiwezi kukikata mguu."

"Basi pengine Mansur anaondoa ile myepesi, anauza mizito tu."

Hilo lilikuwa swali zuri, na Jalila alilipa heshima yake kwa kuzitazama kokoto upya. "Angefanya hivyo, nundu, pale penye kokoto nyingi zaidi, ingebaki pale pale ilipo nundu ya kiwanda, na mguu wa kushoto ndio ungekosekana. Yake imeganda ukutani, palipo hamsini. Watu wa Mansur hawachagui mifuko, Matthew. Wanaijaza."

Alimpigia mkubwa wake. Upande wa pili ulisikiliza, ukapumua, ukauliza, "Una nini mkononi?"

"Kokoto, Afande."

"Kokoto?"

"Zimepangwa kwa—"

"Jalila. Nipe mtu, si kokoto." Simu ikakatwa, na papo hapo adhana ya alasiri ikaanza kusikika kutoka msikitini. Jalila alitia simu mfukoni. Akavuka barabara karibu kukimbia.

Mansur alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala. "Umerudi? Umesahau nini?"

"Nani anakujazia mifuko?"

"Kiwanda."

"Kiwanda hupunguza na kuzidisha. Mifuko yako haipungui hata mmoja."

"Basi kiwanda kimenipenda." Lakini tabasamu lilikuwa limechelewa kidogo kufika.

Jalila alikuwa tayari na swali jingine, kisha jicho lake likaenda kwenye duka la nafaka. Yule mzee alikuwa akipimia mtu maharagwe. Sahani ya mizani ilishuka, ikatulia. Mzee akaitazama, akatia mkono guniani, akaongeza konzi ndogo.

Jalila akamwacha Mansur amesimama, akaenda kwenye meza ya duka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wataka nini?"

"Sukari, kilo."

Mzee alimimina. Sahani ikashuka mpaka ikalala upande wa sukari. Akatia konzi yake.

"Imeshatimia, mzee. Ya nini tena?"

"Nyongeza hiyo, mwanangu." Alijibu kwa upole wa mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi. "Mizani ikisimama sawa hujui imesimama upande wa nani. Bora nizidishe. Sitaki siku ya kiyama mtu anishike kanzu kwa punje ya sukari. Mimi Sharif nimepima tangu ujana wangu, na mtu hajanirudia kusema amepunjwa."

"Na mifuko ya simiti pia waitilia nyongeza?"

"Ati! Mfuko hautoki mkononi mwangu umepungua."

Mteja wa maharagwe alikuwa akifunga kikapu chake. Nyuma ya Jalila, Mansur alisema kwa sauti ya chini, "Mzee Sharif."

"Naam?"

"Nyamaza."

Mzee Sharif alitazama uso wa tajiri wake, kisha wa Jalila, na konzi ya sukari ikabaki hewani. Alionekana kutoelewa ni neno gani lililoharibu mambo.

"Simiti hujazwa kiwandani, mzee," alisema Jalila. "Wewe ulijaza nini?"

"Nilipewa fungu limeshachanganywa."

"Na nini?"

"Mzee Sharif, nimekwambia—"

"Matthew, mshike huyo." Matthew alimshika Mansur mkono, na safari hii hakunung'unika. "Na nini, mzee?"

"Vumbi la timbo." Timbo ni machimbo ya mawe, na vumbi lake ni jeupe, laini, halishiki chochote. "Niliambiwa ndivyo wafanyavyo siku hizi, simiti ya watu wa hali ya chini. Mimi sikuchanganya. Mimi kazi yangu mizani. Niliambiwa kila mfuko urudi uzito wake, nikaurudisha na zaidi. Wallahi sijampunja mtu."

Hasira zilimpanda Jalila. "Hukumpunja, mzee. Katana aliyekufa Bamburi alipata uzito wake wote, na nyongeza."

Alijuta pale pale, kwa sababu mzee alikaa chini juu ya gunia kama aliyekatwa miguu. Lakini hapakuwa na nafasi ya kujuta. Alipiga simu ya Masha. Ikalia mpaka ikakatika. Akapiga tena. Nje, watu walikuwa wameshaanza kutoka msikitini wakivaa viatu.

Waliingia wote wanne kwenye gari la polisi. Matthew aliendesha huku ameweka mkono kwenye honi, kwa kuwa king'ora kilikufa tangu mwaka juzi. Mansur, aliyefungwa pingu nyuma, alisema ana wakili. Mzee Sharif alikaa ametazama viganja vyake. Jalila alimpigia mkubwa wake, akamwambia, "Nimepata mtu," akamweleza kwa maneno machache, na mkubwa akasema amri inaandikwa. Inaandikwa! Jalila alitamani kuitupa simu dirishani.

Kiembeni walisikia nyundo kabla hawajaona nyumba. Boriti za upande mmoja zilikuwa zimeshatolewa, zimelala uani. Vibarua walikuwa chini ya slabu wakigonga zilizobaki, na Masha, mwanamume mfupi mwenye kofia ya plastiki, alikuwa akiwahimiza. Kule ndani kabisa, penye kivuli, moshi ulikuwa ukipanda, na Nyevu alikuwa ameinama juu ya chungu cha maharagwe na mwiko mkononi.

"Tokeni!" Jalila alipiga ukelele. "Tokeni wote! Simamisheni nyundo!"

Nyundo mbili zilisimama. Nyingine ziliendelea. Masha alikuja akifuta mikono. "Tulishaongea, Madamu. Amri iko wapi?"

"Inakuja. Toa watu kwanza."

"Ikija nitawatoa. Hawa wakisimama leo hawalipwi leo. Waulize kama wanataka."

Vibarua walimtazama Jalila, wakatazamana. Hakuna aliyesogea. Askari wamekuja wengi kwenye mijengo yao, kila mmoja na lake, na wengi hutaka chai tu. Jalila aliwapita, akaingia chini ya slabu.

Nyevu aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, au pengine si moshi. "Ni simiti?" aliuliza.

"Ni simiti."

Nyevu aliangusha mwiko. Hakuuliza la pili. Alipiga ukelele kwa Kigiriama, ukelele mmoja mrefu wenye jina la Katana ndani yake, akakamata mkono wa Jalila na kukimbia naye kuelekea mwangani. Vibarua ambao hawakusogea kwa ajili ya polisi walimwona mpishi ameacha chungu motoni, chakula chao kikitokota, na amekimbia. Hawakungoja amri. Nyundo zilianguka ovyo, wakatoka wakisukumana.

Masha alibaki ukingoni peke yake. "Nyie! Mnamwogopa mwanamke na—" Boriti moja ililia. Ulikuwa mlio mdogo, kama wa mlango usiotiwa mafuta. Masha alitazama juu, na vumbi jeupe likamdondokea usoni. Alikimbia bila kumaliza neno lake.

Slabu ilishuka upande mmoja kwanza, kisha yote. Ilifunika boriti, nyundo, moto na maharagwe, na vumbi likatoka kila upande likawafanya wote weupe, polisi na vibarua na Mansur ndani ya gari. Kisha vibarua wakaanza kuhesabiana, kila mtu akiita jina la mwenziwe, na kila jina likaitikiwa.

Mzee Sharif alikuwa ameshuka garini. Alikwenda mpaka penye kifusi, akaokota kipande cha zege, akakifinya kwa vidole vyake vya kupimia. Kilimomonyoka. Aliendelea kukifinya mpaka kikaisha mkononi, na machozi yakachora mistari kwenye vumbi la uso wake.

Jalila alipiga simu kituoni. "Mpelekee Garama simu hii."

"Afande, yuko seli."

"Basi ipeleke seli."

Alisikia nyayo, funguo, mlango. Akampa Nyevu simu. Nyevu aliishika kwa mikono miwili.

"Baba Kai," alisema, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Si mkono wako."

Nyevu alirudia, polepole, kama anayemwambia mtoto: si mkono wako, ilikuwa simiti, si mkono wako. Ndipo Jalila, aliyekuwa amesimama karibu, akamsikia Garama akilia kwa sauti, kilio ambacho hawakumpa nafasi ya kukilia makaburini.